Kiongozi wa skauti hafundwi kwa hotuba

Anayezijua semina zetu za wilayani ataitambua ratiba hii. Barua inasema mafunzo ya viongozi wa skauti yataanza saa 2:00 asubuhi. Washiriki, wengi wao walimu wa shule za msingi waliodamka alfajiri kuwahi daladala na bodaboda, wanafika kwa wakati na kujiandikisha. Mgeni rasmi anaingia saa 5:00. Wimbo wa taifa, utambulisho wa meza kuu, risala, hotuba, picha ya pamoja, chai. Mada ya kwanza, historia ya skauti duniani, inaanza saa sita na nusu, na mtoa mada anaisoma neno kwa neno kutoka kwenye projekta. Mada ya mafundo ya kamba inasogezwa hadi kesho. Kesho yake mada ya kambi inafupishwa ili vyeti vitolewe mapema, watu wawahi magari.

Jumatatu mwalimu yuko shuleni na cheti chake. Ijumaa mchana watoto arobaini wenye skafu shingoni wamejipanga chini ya mwembe, macho yote kwake. Afanye nao nini kwa saa moja na nusu? Hilo hakufundishwa.

Kosa hapo si la mwalimu, na mgeni rasmi naye anaonewa tukimtwisha lote. Kosa liko kwa waandaaji, ambao walijiuliza nani aalikwe na mada zipi ziwasilishwe, wasijiulize mshiriki anakwenda kufanya kazi gani. Mafunzo ya mtu mzima anayejitolea hupangwa kuanzia mwisho. Mpangaji aanze na Ijumaa ile chini ya mwembe, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka saa ya kufungua kozi. Kisichomsaidia kiongozi siku ile kiondolewe kwenye ratiba, hata kama kimezoeleka.

Watoto walitangulia, viongozi wakafuata

Skauti ilianza kama jaribio. Agosti 1907 Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Mwaka uliofuata alichapisha Scouting for Boys, na mambo yakamzidi kasi. Watoto walikinunua kitabu, wakajiundia vikundi vidogo, yaani patroli, wao wenyewe, ndipo wakaanza kutafuta mtu mzima wa kuwasimamia. Walimu, makasisi na askari wastaafu waliitikia wito huo kwa moyo mmoja, lakini wengi wao hawakuwa na mafunzo yoyote ya kazi hiyo.

Mapema sana umma wa Uingereza ulionyeshwa kwamba kuongoza watoto nje ya darasa si mchezo. Agosti 4, 1912, mashua iliyowabeba skauti wa Walworth, London, ilipigwa na dhoruba ikapinduka karibu na Leysdown. Watoto tisa walikufa maji. Serikali ilituma meli ya kivita kuirudisha miili yao London.

Majaribio ya kuwafundisha viongozi yalikuwa yamekwishaanza London na Yorkshire, lakini vita vya mwaka 1914 vilichelewesha mengi. Mwaka 1919 mchapishaji wa vitabu wa Scotland, William de Bois Maclaren, alitoa fedha za kununua Gilwell Park, eneo lililo kando ya msitu wa Epping, nje kidogo ya London. Septemba 8 mwaka huo kozi ya kwanza ya viongozi, iitwayo Wood Badge, ilifunguliwa kwa kupuliza pembe ya tandala ambayo Baden-Powell aliipata katika vita vya Matabele mwaka 1896. Mkuu wa kambi alikuwa Francis Gidney, na washiriki hawakufika hata 20. Waligawanywa kwenye patroli kama watoto, wakaishi kambini siku kumi na mbili.

Waliohitimu walivishwa shanga mbili za mbao kwenye uzi wa ngozi. Inasimuliwa kwamba shanga za kwanza zilitoka kwenye mkufu wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, ingawa namna mkufu huo ulivyofika mikononi mwa Baden-Powell bado inabishaniwa. Shanga hizo zimeenea dunia nzima. Ukimwona kiongozi wa skauti amevaa tatu au nne, ujue huyo ni mkufunzi.

Shanga husifiwa sana, lakini mpango uliokuwa nyuma yake haupewi uzito huo. Wood Badge ya asili ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza mshiriki alisoma na kujibu maswali akiwa kwake. Pili aliishi kambini. Tatu alirudi kwenye kundi lake, akafanya kazi kwa miezi kadhaa, kazi hiyo ikatazamwa, ndipo akahitimu. Kambi ilikuwa katikati ya safari. Semina zetu nyingi zimebaki na sehemu hiyo ya katikati tu, nayo tumeitoa porini tukaiingiza ukumbini.

Kwa Afrika Mashariki urithi huu uko jirani. Skauti iliingia Kenya mwaka 1910, na Baden-Powell mwenyewe alihamia Nyeri mwaka 1938, akafariki huko Januari 8, 1941. Kaburi lake limechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njia ambayo kila skauti anaijua: nimekwenda nyumbani.

Tuliwahi kuifanya kazi hii

Hatuna haja ya kwenda Gilwell kutafuta ushahidi kwamba watu wazima wa kujitolea wanaweza kuandaliwa kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Kwa wiki kumi na mbili vikundi vya wanakijiji vilikusanyika kwenye redio, vikasikiliza kipindi, vikasomewa kijitabu, vikajadili, kisha vikakubaliana cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Watu wapatao milioni mbili walishiriki.

Vikundi hivyo viliongozwa na watu wapatao 75,000 waliopewa semina fupi, ngazi kwa ngazi. Hakuna aliyejaribu kuwageuza madaktari kwa siku mbili. Walifundishwa kazi moja, kuendesha kikao cha kikundi, na walipewa vifaa vya kuwashika mkono baada ya semina: redio kwa sauti, kijitabu kwa maandishi.

Mpangaji wa kozi ya skauti ana mawili ya kuchukua hapo. Kwanza, achague kazi chache ambazo kiongozi atazifanya kila wiki, azifundishe hizo mpaka ziingie. Pili, ujumbe unaopita ngazi nyingi hupungua njiani. Mkufunzi wa taifa akimfundisha wa mkoa, wa mkoa akamfundisha wa wilaya, kinachomfikia mwalimu kijijini ni mabaki, isipokuwa kiwepo kitu cha kushika mkononi kinachosema yale yale kwa wote. Kijitabu chembamba cha mikutano kumi na miwili iliyokwisha kupangwa kitamfaa mwalimu wa Newala au wa Kwale kuliko faili nene la mada.

Anayekuja kozini ni nani?

Huku kwetu skauti nyingi zimo shuleni. Kiongozi anaweza kuwa mwalimu aliyeambiwa na mkuu wa shule kwamba kuanzia leo skauti ni yako. Anaweza pia kuwa kijana aliyetoka juzi tu kwenye ngazi ya Rova, au Jasiri kama wanavyoitwa Kenya, mzazi aliyevutwa na mwanawe, au muumini aliyeombwa na kanisa au msikiti wake. Mmoja atawalea Kabu au Sungura, watoto wadogo wanaochoka upesi na kusahau upesi. Mwingine atakabidhiwa Sinia au Mwamba, wenye umri wa kubishana na kila mtu. Ukiwaweka wote kwenye mada moja kwa siku nzima, nusu yao watakuwa wanasubiri yao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpangaji inafanyika wiki tatu kabla ya kozi, tena kwa simu. Maswali manne yanatosha. Kundi lako lina watoto wangapi, wa umri gani? Mara ya mwisho mlikutana lini, mkafanya nini? Kitu gani kinakushinda? Wewe unajua nini ambacho unaweza kutufundisha? Swali la nne ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mwalimu wa sayansi, muuguzi, fundi seremala na mvuvi wakikutana kambini, tayari kuna wakufunzi wanne ambao hawakuhitaji nauli ya kutoka makao makuu.

Mtu mzima pia huja na hofu ambayo mtoto hana: hofu ya kuumbuka. Mwalimu mkuu msaidizi wa miaka hamsini hataki kushindwa kuwasha moto mbele ya kijana wa miaka ishirini na mbili. Mkufunzi anayemcheka, hata kwa utani, amempoteza. Dawa yake ni vikundi vidogo, nafasi ya kujaribu zaidi ya mara moja, na heshima. Anayeitwa mwalimu, mama au mzee kule kwao aitwe hivyo hivyo kozini.

Wikiendi moja, mezani

Tuseme wilaya ina washiriki 24 na wikiendi moja. Ratiba inaweza kwenda hivi.

Ijumaa saa 11 jioni washiriki wanafika eneo la kambi, si ukumbini. Wanagawanywa kwenye patroli tatu za watu wanane, wanapiga mahema na kupika chakula chao. Kila patroli inamchagua kiongozi wake, na kuanzia hapo mkufunzi anazungumza na viongozi hao watatu tu, nao wanapeleka maagizo kwa wenzao. Hakuna mada iliyotolewa, lakini mfumo wa patroli, ambao ndio moyo wa skauti, umekwishaanza kufundishwa. Usiku kuna moto wa kambi mfupi na nyimbo ambazo watoto wanaweza kuimba. Ratiba iache nafasi ya sala za Waislamu na ibada ya Jumapili, na wale wa Sabato waulizwe mapema.

Jumamosi asubuhi, baada ya bendera, wakufunzi wanaendesha mkutano mzima wa kundi, washiriki wakiwa ndio watoto. Dakika 10 za kufungua, 10 za mchezo wa kuchangamsha, 30 za kujifunza ujuzi mmoja, 20 za shindano linalotumia ujuzi huo, 10 za kikao cha patroli, 10 za kufunga. Jumla ni saa moja na nusu, ile ile ya Ijumaa chini ya mwembe. Kisha wote wanakaa na kuufumua mkutano huo. Kwa nini mchezo ulitangulia ujuzi? Nani alikaa kimya muda wote, na kiongozi angemvutaje? Mvua ingenyesha katikati, tungefanya nini?

Baadaye yanakuja masomo ya ujuzi, na hapa namna ya kufundisha ina uzito kuliko wingi wa vitu vinavyofundishwa. Skauti wa Marekani hutumia hatua nne: eleza, onyesha, ongoza, kisha mwachie afanye. Tazama zinavyokwenda kwenye somo la kuning'iniza mkono ulioumia. Mkufunzi ameketi chini katikati ya patroli, na kila mtu amevua skafu yake. Anaeleza kwa maneno machache kwamba mkono uliovunjika lazima utulie. Anaonyesha mara ya kwanza bila kusema neno, mara ya pili akisema: ncha ya kulia juu ya ya kushoto, pitisha chini, sasa ya kushoto juu ya ya kulia, kaza. Fundo linalala bapa, haliumizi shingo, na hufunguka kirahisi daktari akilihitaji.

Mshiriki mmoja amerudia kulia juu ya kushoto, na ncha za fundo lake zimekaa mshazari. Mkufunzi hamwambii amekosea. Anamwomba avute kidogo. Fundo linateleza, mkono unashuka. Mshiriki anacheka mwenyewe, anafungua, anafunga upya. Halafu anaambiwa akamfundishe mwenzake aliyekuwa zamu ya jikoni. Akiweza kumfundisha yule, somo limeisha. Hakuna bango kitita wala projekta iliyotumika, na kila mmoja ameondoka na kitu anachoweza kukifanya Ijumaa ijayo kwa kutumia skafu ile ile.

Alasiri kila patroli inaandika andalio la mkutano wake. Walimu wanalijua andalio la somo, kwa hiyo watumie fomu wanayoijua badala ya kubebeshwa nyingine. Jumapili, kwa idhini ya wazazi, wanakuja watoto wa shule ya jirani, na kila patroli inaendesha kipande cha andalio lake kwa nusu saa, wengine wakitazama. Ni hapo mshiriki anapogundua kwamba maelezo yake ya dakika kumi mtoto wa miaka tisa aliacha kuyasikiliza kwenye dakika ya pili. Heri aligundue kambini, penye mtu wa kumsaidia.

Somo ambalo halirukwi

Kuna mada moja ambayo ratiba ikibanwa vipi haipunguzwi: usalama wa mtoto dhidi ya mtu mzima, pamoja na yule aliyevaa sare. Februari 2020 chama cha skauti cha wavulana cha Marekani kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika kutokana na madai ya udhalilishaji wa kingono yaliyorundikana kwa miongo mingi. Waliojitokeza kudai walizidi 82,000. Leo Shirika la Skauti Duniani linazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa kuwalinda watoto, na mafunzo ya viongozi ni sehemu yake.

Kanuni zenyewe ni chache na kila mtu anaweza kuzikariri. Watu wazima wawili wawepo kila shughuli. Mtu mzima asijifungie na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Viongozi walale hema lao, watoto lao. Adhabu ya kupiga au kufedhehesha haina nafasi. Mtoto akisema jambo, asikilizwe, asiahidiwe siri, na taarifa ifike kwa wahusika. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116 katika nchi zote mbili.

Somo hili nalo halifai kusomwa kama tangazo. Wape washiriki tukio waliigize: ni saa nne usiku kambini, mtoto anakuja kwenye moto, anasema hataki kurudi nyumbani kesho. Unakaa naye wapi? Unamwambia nini? Unampigia nani, na asubuhi ikifika unafanya nini? Watu wazima wengi huanza kwa kumwambia mtoto avumilie. Ni bora jibu hilo litoke kwenye igizo lirekebishwe, kuliko litoke siku yenyewe.

Posho, vyeti na siku tisini

Tuzungumze fedha waziwazi. Anayejitolea hatafuti mshahara, lakini hapaswi kulipia kazi ya kujitolea kutoka mfukoni mwake. Nauli na chakula vigharimiwe. Zaidi ya hapo, kozi inayotegemea posho huvuta watu wa posho, na fedha zikikauka wanakauka nao. Kozi ya kambini inapunguza gharama kubwa mbili, ukumbi na mpishi. Kilichookolewa kinunue kamba, kisanduku cha huduma ya kwanza na kijitabu cha mikutano kwa kila kundi.

Mgeni rasmi naye ana mahali pake. Aalikwe Jumapili, patroli zikiwa zinaendesha mikutano na watoto wakiwepo. Ataona kazi badala ya kusomewa risala, na akitoa ahadi ya mahema atakuwa anajua anaahidi nini.

Cheti kisitolewe Jumapili hiyo. Mshiriki aondoke na mpango wa wiki nne za kwanza alioutengeneza mwenyewe, na namba ya mtu mmoja wa kumpigia akikwama. Ndani ya siku tisini mkufunzi au kamishna wa wilaya amtembelee mara mbili, akae pembeni, atazame mkutano, kisha wazungumze. Cheti kitolewe huko huko, mbele ya watoto na mkuu wa shule. Hivyo ndivyo shanga za Gilwell zilivyokuwa zikipatikana, na ndiyo njia pekee ya uhakika ya kujua kama kozi ilifaa. Idadi ya waliohudhuria haisemi kitu. Kinachosema ni makundi mangapi bado yanakutana muhula unaofuata.

Makamishna wa wilaya wanaopanga kozi za likizo ijayo wanaweza kuanza bila bajeti mpya. Wapigie simu viongozi wote kwenye orodha, waulize yale maswali manne, kisha wafute kwenye ratiba ya zamani kila kipengele kisichojibu walichoambiwa. Wakuu wa shule nao wampe mwalimu wa skauti Ijumaa yake bila kumtwika zamu nyingine. Na wewe mzazi mwenye mtoto skauti, nenda siku moja ukamuulize kiongozi wake alifundishwa wapi, na baada ya hapo nani alikuja kumtazama akifanya kazi. Akikujibu kwamba hakuja mtu, mpelekee kamishna swali hilo.